Hori la Darajani: Historia ya Kupima Faida ya Kusafisha Ardhi Unguja

Upande wa mashariki wa Barabara ya Benjamin Mkapa, pale Mji Mkongwe unapokoma na Ng'ambo kuanza, palikuwa na hori la bahari. Maji yaliingia kwa kaskazini, upande wa Funguni na Malindi, yakauzunguka mji kwa nyuma mpaka karibu na Mnazi Mmoja, ambako ukanda mwembamba wa ardhi uliuunganisha mji na kisiwa kizima. Wakati wa bamvua bahari ya Unguja hupanda na kushuka kwa karibu mita 4, na rasi ya Shangani ilikaribia kuwa kisiwa. Maji yakipwa, hori liligeuka tope ambalo watu walilivuka kwa miguu. Daraja lililojengwa hapo ndilo lililoipa Darajani jina lake. Leo hakuna hori wala daraja. Hori lilifukiwa kipande kwa kipande kuanzia nusu ya kwanza ya karne ya 20, na kazi ikamalizika mwaka 1957. Pale palipokuwa na tope pana viwanja, maduka, miti na magari.

Kufukiwa kwa hori hilo pengine ndiyo kazi kubwa kuliko zote za kusafisha ardhi chafu zilizowahi kufanywa katika mji wa Zanzibar. Pia ni mfano mzuri wa swali ambalo wanauchumi na wanasayansi wa mazingira wamelishughulikia sana tangu miaka ya 1980: ardhi iliyochafuliwa ikisafishwa, faida yake kwa watu na kwa viumbe hupimwaje, na nani huipata? Unguja imelijibu swali hilo kwa vipimo mbalimbali katika kipindi cha miaka 150. Kwanza ilitumika pua, yakafuata makaburi, kisha mbu, kisha bei ya kiwanja, na mwishowe mwani na fedha za watalii. Kila kipimo kiliona kitu na kukiacha kingine.

Uchafu wenyewe ulitokana na utajiri. Mji ulikua kwa kasi baada ya Seyyid Said bin Sultan kuhamishia makao yake kutoka Maskati katika miaka ya 1830 na 1840. Karafuu, pembe za ndovu na biashara ya watumwa vilileta watu wengi kuliko rasi ile ilivyoweza kuwabeba. Nyumba za mawe zilijengwa zikibanana, kila moja na karo lake la choo chini au ubavuni, na visima vya maji ya kunywa vikichimbwa hatua chache kutoka hapo. Mwamba wa Unguja ni wa matumbawe, una vinyweleo na mianya, na maji ya karo hayachelewi kufika kisimani. Takataka zilitupwa pwani na ndani ya hori, zingoje bahari izichukue. Maiti za watumwa waliokufa safarini au muda mfupi baada ya kushushwa zilitupwa ufukweni bila kuzikwa, jambo ambalo wageni wengi wa enzi ile walilitaja kwa mshtuko. Biashara halali nayo ilikuwa na mchango wake. Makampuni ya Hamburg, ikiwemo ya O'Swald iliyofungua tawi Unguja mwaka 1849, yalisafirisha kauri kwa shehena kwenda Afrika Magharibi, na kauri huachwa kwanza zioze mpaka mnyama aliye ndani aishe. Ongeza hapo papa wakavu walioshushwa kutoka majahazi ya kaskazini.

Richard Burton, aliyefika Desemba 1856, aliandika kirefu juu ya hori na pwani ile chafu. David Livingstone, alipokuwa Unguja mwaka 1866 akijiandaa kwa safari yake ya mwisho, alikerwa na harufu hiyo kiasi cha kuubatiza mji jina la dhihaka. Malalamiko ya namna hiyo yanaweza kusomwa leo kama kiburi cha wageni, na kiburi kilikuwepo. Hata hivyo pua wakati ule ilikuwa chombo cha kisayansi. Madaktari wa Ulaya waliamini kwamba homa hutokana na hewa mbovu inayopanda kutoka kwenye tope na vitu vinavyooza, kwa hiyo penye harufu palihesabiwa kuwa pana ugonjwa, na kuondoa harufu kulihesabiwa kuwa kuondoa ugonjwa. Kwa kipimo hicho hori la Darajani lilihukumiwa nusu karne kabla ya kufukiwa. Pua haikukosea kwamba palikuwa pachafu. Ilikosea njia, maana kilichokuwa kikiua watu wengi zaidi hakikuwa hewani bali majini.

Kipimo cha pili kilikuja na kipindupindu. Ugonjwa huo uliipiga Unguja mwaka 1858 na 1859, ukarudi kwa nguvu zaidi mwishoni mwa 1869 na kuendelea mpaka 1870. Mara zote mbili maelfu ya watu walikufa mjini na mashamba. Daktari James Christie, Mskoti aliyekuwa akitibu mjini, aliufuatilia mlipuko wa pili kwa subira ya ajabu. Aliwahoji wafanyabiashara wa misafara, akaonyesha jinsi ugonjwa ulivyopita nchi ya Wamasai mpaka Pangani, kisha ukavuka bahari. Mjini alilinganisha jamii moja na nyingine, akiangalia nani alikunywa maji gani na vifo vilikuwa wapi. Kitabu chake juu ya milipuko ya kipindupindu Afrika Mashariki kilitoka London mwaka 1876. Miaka zaidi ya 20 kabla yake, mwaka 1854, John Snow alikuwa ameonyesha katika mtaa wa Broad Street, London, kwamba kisima kimoja ndicho kilichowaua majirani wake. Christie alifanya kazi ya jamaa hiyo katika mji usio na daftari la vifo, na ndiyo sababu idadi zake zilibaki makadirio.

Aliyechukua hatua kubwa zaidi hakuwa Mwingereza. Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alikuwa ameishi uhamishoni Bombay baada ya jaribio lake la kutwaa kiti mwaka 1859 kushindwa, na huko aliona mji mkubwa wa biashara ukipata huduma za kisasa. Katika utawala wake maji ya chemchemi za kaskazini mwa mji, Chemchem ikiwa maarufu kuliko zote, yaliletwa kwa mfereji na mabomba hadi mjini, na watu wakayateka bila malipo. Barghash hakusafisha ardhi hata pima moja. Makaro yalibaki palepale, hori likabaki na tope lake. Alichofanya ni kuwatenga watu na ardhi chafu kwa kuwapa maji yasiyopita humo. Wataalamu wa siku hizi wangesema alikata njia ya sumu bila kuigusa sumu, na kwa afya ya watu faida ya kazi hiyo huenda ilizidi ya kazi nyingi za ufukiaji zilizofuata. Haikupimwa, kwa kuwa hapakuwa na wa kuipima.

Waingereza walipoifanya Zanzibar nchi ya himaya mwaka 1890 walikuta mji ambao tayari ulikuwa na maji ya bomba, taa na hori linalonuka. Soko la Darajani lilijengwa mwaka 1904 pembezoni mwa hori hilo. Wakati huo elimu ilikuwa imebadilika. Mwaka 1897 Ronald Ross alikuwa amegundua huko India kwamba mbu ndiye mbebaji wa malaria, na tope la Darajani likapata shtaka jipya: si hewa yake tena bali madimbwi yake. Maofisa wa afya wakaanza kuhesabu viluwiluwi vya mbu katika matangi, visima na vinamasi. Hicho kilikuwa kipimo bora kuliko pua, kwa kuwa kiliweza kurudiwa na mtu mwingine kikatoa jibu lilelile. Lakini kilipofika mezani kwa watawala kilichanganyika na siasa. Profesa W. J. Simpson, aliyetumwa na serikali ya London mwaka 1913 kukagua usafi wa Afrika Mashariki, Uganda na Zanzibar, alipendekeza miji igawanywe kwa rangi, na katikati pawe na ukanda wa wazi usiojengwa. Kwa mji wa Zanzibar mgawanyo wa aina hiyo ulikuwa umekwisha kuchorwa na bahari. Hori lilitenga nyumba za mawe na nyumba za udongo na makuti za Ng'ambo, na kufukiwa kwake kusingefuta mstari huo ikiwa ardhi mpya ingeachwa wazi.

Ndivyo ilivyokuwa kwa sehemu kubwa. Ufukiaji ulianzia kusini, upande wa Mnazi Mmoja, na eneo hilo likageuzwa viwanja vya michezo. Gofu, kriketi na tenisi vilipata nafasi kubwa, na Wazungu walikuwa na sehemu yao. Vijana wa mjini na Ng'ambo walicheza mpira hapohapo, na katika miaka ya 1920 na 1930 Mnazi Mmoja pakawa makao ya soka la Unguja. Henry Vaughan Lanchester, mchoraji mipango miji aliyeitwa na serikali, alitoa kitabu chake juu ya mji wa Zanzibar mwaka 1923, na hori lilikuwa miongoni mwa mambo makuu aliyoyatazama. Faida ya umma ilianza kuhesabiwa kwa ekari: ardhi iliyokuwa ya bahari sasa ni ya serikali, ina matumizi na ina thamani.

Kipimo cha thamani ya ardhi kinastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu mpaka leo ndicho kinachopendwa na wachumi. Nadharia yake ni rahisi. Mahali pakisafishwa, watu hutaka kuishi hapo. Wakitaka kuishi hapo, bei ya nyumba na viwanja hupanda. Kwa hiyo ongezeko la bei ndilo ushahidi wa faida. Marekani, baada ya kashfa ya taka za kemikali zilizozikwa chini ya makazi ya Love Canal kulipuka mwaka 1978 na sheria ya kusafisha maeneo ya sumu kupitishwa mwaka 1980, tafiti nyingi zilitumia bei za nyumba kwa namna hiyo. Historia ya Ng'ambo inaonyesha upande wa pili. Wakazi wengi wa huko walimiliki nyumba lakini hawakumiliki ardhi iliyo chini yake. Walilipa kodi ya kiwanja kwa wenye ardhi. Kodi hizo zilipopandishwa, wakazi waligoma mwaka 1928 na kukataa kulipa, katika moja ya harakati kubwa za umma Zanzibar kabla ya vita vya pili vya dunia. Mgomo huo haukutokana na kufukiwa kwa hori. Unafundisha hata hivyo kwamba pale mkazi na mwenye ardhi ni watu wawili, kupanda kwa thamani ya kiwanja ni faida ya mmoja na mzigo wa mwingine, na daftari linaloandika upande mmoja tu halijaandika faida ya umma.

Kipande cha mwisho cha hori kilifukiwa mwaka 1957. Mwaka uliofuata Henry Kendall alitoa mpango mpya wa mji. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ikawa mali ya serikali, na kuanzia mwaka 1970 majumba marefu ya Michenzani yakaanza kuinuka katikati ya Ng'ambo, kana kwamba mji ulitaka kuigeuzia mgongo ile mistari ya kale.

Upande wa viumbe haukuandikwa. Mipango ya enzi ya ukoloni iliona katika hori mambo mawili tu, ardhi inayongoja kufukiwa au mpaka unaofaa kulindwa. Hori la bahari hata likichafuka lina kazi zake. Tope lake hulisha kaa, chaza na chambo. Samaki wachanga hujificha humo. Uchafu wenye rutuba hunaswa na kuoza kabla ya kufika kwenye miamba ya matumbawe. Kazi nyingine ya hori ni kupokea maji ya mvua. Unguja hupata kiasi cha milimita 1,600 za mvua kwa mwaka, nyingi zikishuka wakati wa masika, na sehemu ya Ng'ambo ni mabonde mafupi ambayo maji yake yalikuwa yakitafuta njia ya kuteremka kwenda baharini. Hori lilipozibwa, kazi iliyofanywa bure na mteremko wa ardhi ilibidi ifanywe na mitaro ya saruji, ambayo hujengwa kwa fedha na huziba. Mafuriko ya Ng'ambo yana sababu nyingi, ujenzi holela ndani ya mabonde ukiwa mkubwa kuliko zote, ila hesabu ya faida ya mwaka 1957 haikuwa na safu ya gharama hizo.

Maji machafu ya mji nayo yalipaswa kwenda mahali. Mabomba yaliyapeleka moja kwa moja baharini mbele ya mji, bila kusafishwa, karibu na bandari na fukwe ambako watoto huogelea. Hapa historia inapata mashahidi wapya. Mwaka 1978 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Taasisi ya Sayansi za Bahari mjini Zanzibar, na watafiti wakawa na maabara mkabala na maji yaleyale wanayoyachunguza. Kilichowasaidia ni jiografia. Mbele ya mji kuna visiwa na miamba katika umbali tofauti: Chapwani na Changuu karibu, Bawe mbele kidogo, na kusini zaidi Chumbe, ambayo katika miaka ya 1990 ilifanywa hifadhi na imebaki mbali na mabomba ya mji. Kulinganisha karibu na mbali, kwa siku moja na kwa chombo kimoja, ni njia ya kupima madhara ya uchafu hata pale ambapo hakuna aliyepima hali ilivyokuwa zamani.

Mwaka 1995 Mats Björk na wenzake walichapisha utafiti juu ya mwani mgumu wa rangi ya waridi unaofunika mawe ya miamba na kuyagandisha. Bila mwani huo mwamba hubomoka na vichanga vya matumbawe hukosa mahali pa kushika. Walikuta kwamba unapungua kadiri mtu anavyosogea karibu na maji machafu ya mji, na wakaihusisha hali hiyo na fosfeti. Mwaka 2012 Molly Moynihan, David Baker na Aviti Mmochi walitoa utafiti uliotumia vipimo viwili kwa pamoja. Kimoja ni bakteria wa kinyesi, ambao idadi yao majini huonyesha uchafu wa saa na siku chache zilizopita. Kingine ni naitrojeni iliyo ndani ya mimea ya bahari. Naitrojeni inayotoka chooni huwa na sehemu kubwa zaidi ya atomi zake zilizo nzito, na mmea unaoinywa huihifadhi mwilini. Kwa hiyo jani la mwani huweka kumbukumbu ya wiki nzima ambayo chupa ya maji haiwezi kuiweka. Kwa njia hiyo uchafu wa Mji Mkongwe ungeweza kufuatiliwa ndani ya viumbe vyenyewe, na kwa maana hiyo usafi nao ungeweza kufuatiliwa. Bomba likihamishwa au mtambo wa kusafisha ukijengwa, majani ya sehemu ileile yatasema kama kuna kilichobadilika.

Kubadili majani hayo kuwa fedha ni kazi ngumu zaidi. Ulimwengu uliijadili kwa ukali baada ya meli Exxon Valdez kumwaga mafuta Alaska mwaka 1989. Je, mtu asiyevua samaki Alaska wala kufika huko amepoteza chochote? Jopo lililoongozwa na wanauchumi Kenneth Arrow na Robert Solow lilitoa jibu mwaka 1993 kwamba kuwauliza watu wangekuwa tayari kulipa kiasi gani kunaweza kukubalika, kwa masharti makali ya jinsi ya kuuliza. Njia hiyo ina udhaifu wake katika nchi maskini: anayekosa pesa hawezi kutaja kiasi kikubwa, hata kama bahari ndiyo chakula chake. Unguja na Pemba zilipata hesabu ya aina nyingine. Glenn-Marie Lange na Narriman Jiddawi, katika utafiti wao wa mwaka 2009, walijumlisha uvuvi, kilimo cha mwani, utalii wa pwani na kazi nyingine zinazoegemea bahari, wakakuta kwamba huduma za bahari zilichangia kiasi cha asilimia 30 ya pato la Zanzibar. Wakaonyesha pia kwamba jamii za pwani zinazoishi karibu na mahoteli hupata sehemu ndogo tu ya mapato ya utalii. Swali la mwaka 1928 lilikuwa limerudi kwa nguo mpya.

Mwaka huohuo wa 2009 mji ulipata mfano wa usafi wa aina nyingine. Forodhani, mbele ya Ngome Kongwe na Beit al Ajaib, palikuwa na vibanda vya forodha na reli ya Bububu kabla ya kugeuzwa bustani kwa ajili ya jubilei ya miaka 25 ya Sultani Khalifa bin Haroub mwaka 1936. Kufikia miaka ya 2000 bustani ilikuwa imechakaa, ukuta wake wa bahari ukiliwa na mawimbi. Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni uliikarabati, ikafunguliwa tena Julai 2009 ikiwa na taa, mitaro, miti na mahali pa wauza vyakula vya usiku. Baadaye, chini ya mradi wa huduma za miji ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2011, ukuta wa Mizingani ulijengwa upya na njia ya watembea kwa miguu ikawekwa. Faida ya mahali kama hapo haipimwi kwa bei ya kiwanja, kwa kuwa hakiuzwi, wala kwa kiingilio, kwa kuwa hakuna. Wapimaji huhesabu watu wanaokuja, muda wanaokaa na biashara zinazoishi kwa sababu yao. Kwa kipimo hicho Forodhani imefaulu bila ubishi. Jioni za sikukuu familia za Ng'ambo na mashamba hujaa hapo pamoja na watalii, na huo ni ushahidi bora kuliko ripoti.

Mradi uleule wa 2011 ulijenga mitaro mikubwa ya maji ya mvua Ng'ambo, mahali ambapo masika yalikuwa yakiingia majumbani kila baada ya miaka michache. Ulishughulikia pia taka ngumu, ambazo ni sura ya mwisho ya hadithi hii na isiyovutia wapiga picha. Jaa kubwa la mji sasa liko Kibele, Wilaya ya Kati, kilomita nyingi kutoka Darajani. Kuondoa taka mjini ni faida ya dhahiri kwa mji, ila mizani ya kisiwa inadai kupimwa kwa Kibele pia. Mwamba wa huko ni uleule wa matumbawe ulioyapitisha maji ya makaro kwenye visima vya Mji Mkongwe. Wataalamu huita hesabu hiyo faida halisi: kilichopatikana mahali pamoja kutoa kilichopotea pengine. Bila kisima cha kuchunguzia maji kando ya jaa, nusu ya hesabu hiyo ni dhana.

Bara kuna somo la jambo hilo ambalo Unguja haina haja ya kulirudia. Mwaka 1986 shamba la Vikuge, Mkoa wa Pwani, lilipokea kutoka Ugiriki shehena ya viuatilifu ambavyo vingine vilikuwa vimepitwa na wakati. Viliwekwa katika banda la wazi, vikavuja. Masalia yalikuja kuondolewa na kazi ikahesabiwa kuwa imefanyika. Watafiti waliorudi na kuchapisha matokeo yao mwaka 2004 walikuta udongo bado umejaa DDT na jamaa zake kwa kiwango cha kutisha. Vilivyohamishwa ni vifurushi, sumu ilibaki. Tofauti kati ya kuhesabu tani zilizoondolewa na kupima udongo uliobaki haijawahi kuonekana waziwazi zaidi nchini Tanzania.

Kipindupindu nacho kilirudi Zanzibar mwaka 1978 na kimekuwa kikizuka mara kwa mara tangu hapo. Mwaka 2009 chanjo ya kunywa ilitolewa katika maeneo yaliyochaguliwa ya Unguja na Pemba, na utafiti uliofuata ulionyesha kinga ya asilimia 79 kwa waliochanjwa, pamoja na nafuu kwa majirani wasiochanjwa. Miaka michache baadaye mlipuko wa 2015 na 2016 uliwapata watu zaidi ya 4,000. Serikali ikaandaa mpango wa kuutokomeza ugonjwa huo kati ya 2018 na 2027, unaotegemea maji salama, vyoo na mitaro, chanjo ikiwa msaidizi. Kwa hesabu ya afya, huo ni uthibitisho kwamba kazi iliyoanzwa na Barghash haijakamilika. Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 893,169 katika sensa ya 2022, na nyumba nyingi za Ng'ambo bado zina karo na kisima ndani ya uwanja mmoja.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar ya mwaka 2015, iliyoanzisha mamlaka ya mazingira ZEMA, inataka tathmini ya athari kabla ya mradi kuanza, na tathmini hiyo ndiyo nafasi ya kuandika hali ilivyo kabla kijiko cha kwanza cha udongo hakijahamishwa. Kinachopungua ni upande wa baada. Ripoti za miradi huhesabu kwa kawaida mita za mtaro, tani za taka na idadi ya wanufaika wanaokadiriwa, na miradi ikifungwa hakuna anayerudi kupima. Sehemu zilizopimwa na Björk na wenzake mwaka 1995, na zile za Moynihan na wenzake mwaka 2012, zimeandikwa katika majarida na zinafikika kwa ngalawa kutoka Mizingani. Serikali na Baraza la Manispaa wangeanza hapo: kupima tena miamba na mwani katika sehemu hizo, kupima visima vya Ng'ambo na vya jirani na Kibele kabla na baada ya kila masika, na kuzibandika namba hizo mahali ambapo wakazi wanaolipia usafi wataweza kuzisoma.